Uvimbe wa shavu ni mwongo

Mdogo wangu alianguka na bodaboda mwaka jana. Kofia alivaa, ila ile ya nusu isiyofunika uso. Hospitalini walimshona nyusi, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia uvimbe ukiisha atakuwa sawa.

Uvimbe uliisha, na shavu la kushoto likabaki limebonyea kama sufuria iliyogongwa. Aliyegundua ni mama, siku alipokuwa amesimama nyuma yake naye kaketi chini akimenya viazi. Baadaye daktari wa upasuaji wa taya na uso alicheka kusikia hayo: nao hufundishwa kusimama nyuma ya mgonjwa na kuchungulia kutoka juu.

Wengi hudhani kitefute, yaani mfupa wa shavu, kikivunjika kinachoharibika ni sura tu. Mfupa huo umeshika jicho kwa chini na kwa pembeni. Ukihama, mtu anaweza kuona vitu viwiliviwili, au taya ikakwama mdomo usifunguke vizuri. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya jicho ukibanwa, shavu na mdomo wa juu hufa ganzi. Mdogo wangu alikuwa na ganzi tangu usiku ule. Hakuna aliyemuuliza.

Sisemi kila mmoja apasuliwe. Mfupa ambao haukuhama huachwa uunge wenyewe. Mgonjwa ale vyakula laini na asipenge kamasi, maana hewa hupenya kwenye ufa ikajaza jicho. Uliohama huinuliwa. Njia ya daktari wa upasuaji Gillies, iliyoandikwa mwaka 1927, bado inatumika: jeraha dogo ndani ya nywele juu ya sikio, chuma kinapitishwa chini ya mfupa, unanyanyuliwa. Usipotulia, unafungwa kwa vyuma vyembamba vya titani na skrubu.

Lakini kazi hiyo ina msimu wake: uvimbe ukishapungua, na ikiwezekana kabla wiki 2 hazijapita. Sisi tulifika wiki ya 7, mfupa umeshaunga vibaya. Ikabidi uvunjwe upya.

Jicho likitokeza, likiuma sana na kupoteza nuru, hilo ni la saa, wala si la kusubiri kesho. Wengine wote wenye uso uliovimba wapewe tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja, iandikwe kabisa. Karatasi ya mdogo wangu ilisema “arudi akiona tatizo”. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na kioo hakikumwonyesha kitu.