Rumeti akihama katikati ya mkataba: kodi ya mbele na dipoziti ni hela mbili tofauti

Tangu serikali ihamie huku na Dodoma itangazwe jiji mwaka 2018, mji umejaa watu wanaokaa nyumba moja bila undugu wowote. Ilazo au Kisasa unakuta nyumba ya vyumba vitatu yenye fensi, humo kuna mtumishi anayeshinda kwenye ofisi za serikali Mtumba, kuna mtu wa benki na kuna kijana wa mradi, wamechanga sababu hakuna ambaye angeiweza peke yake. Ng'hong'hona ndo usiseme, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanakaa wawili watatu chumba kimoja. Sasa watu wa namna hii hawakai wote mpaka mkataba uishe, mmoja atapata uhamisho, mwingine ataoa, mradi utafungwa, na hapo ndo unaanza ugomvi ambao mara nyingi hata sio wa mwenye nyumba na wapangaji, ni wapangaji wenyewe kwa wenyewe, watu waliokuwa wanakula sahani moja.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Nyumba kodi yake 450,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na juu yake dipoziti ya mwezi mmoja. Watu watatu, kila mmoja katoa 900,000 ya kodi na 150,000 ya dipoziti (ya dalali tuiache, hiyo ikishaliwa imeliwa). Miezi miwili inaisha mmoja anahamishiwa Katavi, anapiga hesabu yake, miezi minne sijakaa 600,000, dipoziti 150,000, nidaiwe nini, nirudishieni 750,000 yangu niondoke. Anamwambia nani? Mwenye nyumba ile hela alishaimwaga kwenye msingi wa nyumba nyingine Nzuguni, hana hata mia. Kwahiyo macho yote yanawageukia wawili wanaobaki.

Anayehama ana hoja na mimi siichukulii poa. Hakuomba uhamisho, kule anakokwenda atatakiwa kutoa tena miezi sita kwa mtu mwingine, na hela za uhamisho kwa watumishi wengi zinakuja zimechelewa. Halafu chumba chake hakitayeyuka, kitapata mtu, na huyo mtu atalipa, sasa akilipa hela yake inakwenda wapi? Kuna watu wanafanya hivi, rumeti anaondoka, wanaingiza mpya ndani ya wiki mbili, wanapokea kodi ya miezi yote iliyobaki na aliyehama hapigiwi hata simu. Huo ni wizi, hata kama hakuna mkataba wowote kati yao.

Ila ukiwasikiliza wanaobaki nao hawajakosea. Wao waliingia kwenye hesabu ya watu watatu, 150,000 kila mwezi, hakuna aliyekubali 225,000. Ukiwaambia watoe 600,000 leo mfukoni kwao kwa chumba ambacho kiko wazi unawaambia wawe benki ya mwenzao. Na sio kila mtu anaingizwa ndani, kama mnashea jiko na choo lazima mjue mnakaa na nani, kwa wadada ndo kabisa huwezi kuniletea mtu usiyemjua eti kwasababu ana hela mkononi.

Kisheria wanaobaki wako pabaya kuliko wanavyojua. Kama wote watatu mmesaini mkataba mmoja, kwa kanuni za Sheria ya Mikataba hiyo ni ahadi ya pamoja, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu kodi yote, sio theluthi yake, halafu huyo aliyelipa ndo awatafute wenzake wamchangie. Kwahiyo muda wa kulipa tena ukifika, yule wa Katavi hayupo, mwenye nyumba hana haja ya kumfuata huko, anagonga mlango wa aliyepo.

Hapa ndo naona watu wanachanganya, wanaziweka kodi ya mbele na dipoziti kwenye kapu moja, wanadai 750,000 kama hela moja, wakati ni hela mbili zenye majibu mawili tofauti. Kodi ya mbele ilishatumika kununua muda, na muda huo bado upo ndani ya nyumba, uko kwenye kile chumba. Kwa hiyo aliyehama alipwe pale chumba kinapopata mtu, na alipwe ya siku zile tu ambazo mtu mpya amezilipia, kikikaa wazi mwezi mzima huo mwezi ni hasara yake. Najua inauma, lakini yeye ndo aliyetoka, na kwenye hili nawaunga mkono wanaobaki. Wajibu wao ni kutafuta kweli na kutomkataa mtu wa maana aliyeletwa na anayehama bila sababu. Wakikataa watu watatu waliotulia, wenye kazi na hela, hapo naanza kusema chumba wamekitaka wenyewe na wakilipie.

Dipoziti ni kesi nyingine kabisa na hapo nasimama na anayehama. Ile ni dhamana ya hali ya nyumba, sio malipo ya kukaa. Wanaobaki husema subiri mpaka wote tuhame, mwenye nyumba akirudisha tutakutumia chako. Maana yake mtu yuko Katavi mwaka mzima dhamana yake inabeba koki iliyovunjwa na mgeni wa mtu mwingine, kioo kilichopasuliwa kwenye sherehe ambayo hakualikwa. Siku anayotoka ndo siku ya kukagua, mpite wote chumba chake, sebule, jiko na choo, mpige picha, swichi iliyolegea iandikwe, kitasa kiandikwe, cha kwake akatwe, kinachobaki alipwe na anayeingia, ambaye naye anakuwa amenunua nafasi yake kwenye dhamana. Mwenye nyumba haguswi hata senti. Mtu mpya asikubali kutoa 150,000 bila kuona zile picha, maana anarithi dhamana pamoja na madeni yake.

Na uchakavu sio uharibifu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta lakini uchakavu wa kawaida haumo, sasa rangi iliyopauka kwa vumbi la Dodoma unamkataje mtu?

Mwenye nyumba naye tumtendee haki. Anasema mimi nimepangisha nyumba moja, nina mkataba mmoja na dhamana moja, siwezi kuwa kila miezi miwili nafanya mahesabu ya vijana wanaoingia na kutoka, na nyumba yangu namtaka mtu ninayemjua. Hiyo ni haki yake, na mikataba mingi inakataza kuingiza mtu bila ridhaa yake kwahiyo msimfiche. Ila mwenye nyumba huyohuyo ndo aliyetaka miezi sita kwa mkupuo, na ukichukua hela ya muda ambao haujafika huwezi kushangaa watu wakikuuliza habari za muda huo. Sheria ya kudhibiti pango ya 1984 ilifutwa 2005, na Sheria ya Ardhi haina utaratibu maalumu wa dipoziti, kwahiyo kilichoandikwa kwenye mkataba ndo silaha pekee. Kuna wanaosema tukitunga sheria ya dipoziti tatizo litaisha. Uingereza tangu 2007 dipoziti nyingi za nyumba za kuishi lazima zilindwe chini ya mpango unaotambuliwa kisheria, mwenye nyumba hazitumii anavyotaka, na bado kule wapangaji wa mkataba wa pamoja dhamana yao ni moja na kawaida inarudi mkataba ukiisha, anayetoka katikati anamalizana na wenzake. Sheria hiyo naitaka hata hapa, itatusaidia dhidi ya mwenye nyumba anayekula dhamana, lakini ya rumeti na rumeti haitaimaliza.

Kinachonitisha zaidi ni ile hali ambayo huku ndo imejaa, mkataba una jina moja tu. Mmoja alikuja kutafuta nyumba, akasaini, wengine wakamtumia hela zao kwenye simu. Mwenye nyumba anamjua yeye peke yake. Huyu akihama, nyinyi mliobaki ni wageni wa mtu ambaye hayupo, anaweza kwenda kumalizana na mwenye nyumba, akachukua dipoziti yote yenye hela zenu humo, na mwenye nyumba akawa hana kosa maana alipokea kutoka kwake na kamrudishia yeye. Wa kumdai ni rumeti wenu, na ushahidi ni zile meseji za muamala. Hapo hakuna cha kungoja, yule mwenye jina kabla hajapakia godoro mwende wote kwa mwenye nyumba, mkataba ubadilishwe, mwenye nyumba aandike kwa mkono wake kwamba dhamana ya kiasi fulani anayo na ni ya fulani na fulani. Akigoma kuandika, angalau mmejua mapema.

Vitu mlivyochangia navyo visisahaulike. Maji Dodoma ni ya mgao mitaa mingi kwahiyo unakuta watu wamenunua simtanki pamoja, pampu, feni ya sebuleni. Simtanki huwezi kuikata vipande vitatu, mnapatana bei yake ya sasa sio ya dukani, wanaobaki wanamlipa fungu lake au mtu mpya anainunua hiyo hisa. Bili ya maji ya DUWASA isomwe mita siku ile ile anayotoka. Na kuna kodi ya jengo inayokatwa mkinunua umeme wa LUKU tangu Agosti 2021, ile ni ya mwenye nyumba, mmemlipia kila mwezi, kwahiyo akianza kuwakata dipoziti kwa swichi ya elfu tatu na nyinyi mna cha kumhesabia.

Mkishindwana kabisa, anzeni kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, wengi wanamaliza hapo. Mgogoro na mwenye nyumba kuhusu pango unapita Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi tena hukumu, na siku 30 zikipita bila muafaka mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rumeti aliyekula hela ya mwenzake hilo ni deni la makubaliano, Mahakama ya Mwanzo inalipokea, na 750,000 sio hela ya kuionea aibu kuidai. Ila mpeleke karatasi, hata kama ni ya daftari, yenye majina, kiasi, tarehe na saini za wote.