Harusi ya theluji Unguja, na sisi tunaokaa kwenye theluji yenyewe

Picha imeshazunguka kundi zima la ukoo: ukumbi wa harusi mjini Unguja, matawi makavu yaliyopakwa rangi ya fedha, mapazia ya buluu iliyofifia, chembe za povu jeupe zimemwagwa chini zionekane theluji, na kiti cha bi harusi mfano wa kilichochongwa kwa barafu. Mtoto wa dada yangu anataka yake iwe vivyo hivyo, Disemba. Mimi ninayekaa Sweden nimeombwa rai, kwa hoja kwamba theluji naijua. Naijua, na kwa sababu hiyo nina la kusema.

Sina ugomvi na rangi. Nyeupe na fedha humkaa vizuri bi harusi wetu, hina yake ikiwa imekolea. Na wale walioshaanza kuandika kwamba hii si mila yetu, basi na gauni jeupe nalo walitoe. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa kwa gauni jeupe Februari 1840, katikati ya baridi, mtindo ukaenea dunia nzima hadi ukafika kwetu. Bibi zetu wakipewa kisutu, ile kanga ya bi harusi. Tumeupokea na leo hakuna anayeona ajabu. Kuiga si tatizo langu. Tatizo langu ni kuiga nusu, tena ile nusu ambayo wenyewe wanaikimbia.

Huku Stockholm, Disemba, jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Anayefunga ndoa wakati huo hupanga kila kitu kwa kutazama mwanga kwanza. Picha za nje zipigwe saa sita au saa saba, maana baada ya hapo mwanga unakwisha. Halafu yanakuja maswali ambayo mpambaji wa Unguja hajawahi kuulizwa. Makoti ya watu mia na hamsini yatatundikwa wapi? Wazee watashushwa mlango gani, na changarawe imeshamwagwa pale wasiteleze? Kila mwanamke anafika na mabuti miguuni, viatu vya harusi viko kwenye mfuko, na pale mlangoni panakuwa na fujo ya kubadilisha viatu ambayo haimo katika picha yoyote. Bi harusi mwenyewe anatoka kwenye gari na jaketi nene juu ya gauni. Na theluji ya mjini, kwa mnaoulizia, ikikaa siku 2 inachanganyika na chumvi na matope ya magari ikawa kijivu.

Sasa ingia ndani. Mishumaa madirishani, taa za manjano, mablanketi yamekunjwa juu ya viti, supu ya moto, mbao, matawi mabichi ya misonobari, nyekundu na kijani iliyoiva. Weupe wameuacha nje ulikokuwa. Watu wa baridi hawaipambi baridi; wanapamba ili waisahau kwa usiku mmoja. Na hata hivyo wengi wao wala hawaoi wakati huo. Waswidi huoana zaidi kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, na Januari utakuta kumbi zinatafuta wateja.

Wapo wanaoifuata baridi kwa makusudi, sikatai. Kaskazini kabisa, Jukkasjärvi, ipo hoteli inayojengwa upya kila mwaka kwa barafu ya mto Torne, na watu hufunga ndoa humo. Ndani ni kama digrii 5 chini ya sifuri. Lakini hiyo ni barafu ya kweli, mtu ameisafiria, na masika yao yakifika inayeyuka na kurudi mtoni. Povu la ukumbini halirudi popote. Upepo utalichukua hadi pwani, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006.

Linaloniuma zaidi ni harufu. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, na kule nyumba yenye harusi ulikuwa huhitaji kuelekezwa, pua ilikufikisha. Udi, mkadi, mlangilangi, vikuba vya rehani na asumini kichwani kwa kina mama, kilua kimefichwa kwenye mtandio, na nyuma ya yote hayo sufuria za biriani. Baridi haina harufu. Toka nje Stockholm usiku wa Januari, uvute pumzi, hupati kitu isipokuwa ubaridi wenyewe puani. Ni jambo la mwisho nililolizoea huku, na sijui kama nimelizoea. Tazama tena ile picha ya ukumbi: maua ya plastiki, kiyoyozi hadi mwisho, milango imefungwa. Wamefanikiwa kweli kuleta baridi, na harufu imetoka. Weupe tunao wa kwetu. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba, ikatungwa makoja jioni, ikafunguka usiku shughuli inapokolea. Mpambaji gani wa Stockholm ana ua la kumngojea bi harusi namna hiyo?

Halafu joto. Disemba kwetu ni kaskazi, mchana digrii 31, 32, na ukumbi wenye wanawake mia nne una joto lake la ziada. Theluji hiyo yote inategemea umeme. Wenye kumbukumbu hawajasahau kuwa Unguja ilizimika Disemba 2009 na haikuwaka hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na shughuli zikaendeshwa kwa majenereta. (Sisi wa Pemba wakati ule tulikuwa na mashine zetu za umeme za Wesha, kwa mara moja tukawacheka wa mjini.) Mwaka 2013 ukaja waya mkubwa zaidi na mambo yakawa bora. Bado mimi nisingeweka sherehe nzima juu ya kiyoyozi.

Ajabu ni kwamba majira ya ubaridi tunayo. Kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inavuma, usiku unashuka hadi digrii 22 hivi na wazee wanatafuta cha kujifunika. Uani, chini ya turubai, bila kiyoyozi hata kimoja. Na ndio wakati skuli za huku zimefungwa, kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, sisi wenye watoto tunaweza kuja. Disemba likizo ni fupi na tiketi ndio zimepanda.

Dada yangu ana jibu lake: Ramadhani ya 2027 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari, kila mtu anataka kuozesha kabla yake, ndiyo Disemba na Januari. Hoja hiyo naiheshimu kuliko ya povu. Harusi zetu zimekuwa zikifuata mwandamo, sio majira, na mwandamo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka; 2030 tutafunga Ramadhani mara 2, Januari na tena mwisho wa Disemba. Kama sababu ni Ramadhani, sawa. Lakini basi iwe harusi ya kabla ya Ramadhani, isiitwe ya theluji.

Kuna kitu kimoja ningependa kikaigwa kutoka huku nacho hakimo katika picha: kumfikiria mgeni. Kadi zetu zinaandikwa saa 2 usiku, bi harusi anaingia saa 5, na huko ndani bibi wa miaka 70 amekaa chini ya kiyoyozi amejitanda kanga mbili, anatetemeka. Huyo ndiye mtu wa pekee mwenye majira ya baridi katika ukumbi ule, na hakuna aliyemwekea blanketi. Tangawizi ya moto mlangoni, shali kwenye viti vya wazee, bi harusi aingie kwa wakati: hayo ndiyo watu wa baridi wanayoyajua.

Na nisijifanye sina maslahi. Mapambo hayo tutachangishwa sisi tulio nje, na orodha imeshaanza kupita. Nimemwandikia dada yangu kuwa asumini zote ni juu yangu, hata zikihitajika makoja mia, na tangawizi pia. Fedha ya povu sitoi. Ya jenereta natoa, kwa sababu hiyo hata Agosti itahitajika.