Barua ya Arthur kwa Catherine tusiiite ya mapenzi

Akitajwa Catherine wa Aragon, binti wa mfalme na malkia wa Hispania, watu hupenda kukumbushana barua aliyoandikiwa na Arthur, mrithi wa ufalme wa Uingereza, Oktoba 1499. Kijana anamshukuru kwa barua zake tamu alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, anasema akizisoma huona kama anazungumza naye na kumkumbatia, kisha anamsihi aharakishe kuja. Wengi husema hilo ndilo penzi la kifalme. Mimi namwonea huruma aliyeiandika.

Arthur ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 13, na Catherine hajapata kumwona. Wazazi wao waliafikiana juu ya ndoa hiyo katika mkataba wa Medina del Campo mwaka 1489, mmoja akiwa na miaka miwili, mwenzake mitatu. Mei 1499 ndoa ikafungwa kwa uwakilishi huko Bewdley, Uingereza, balozi wa Hispania, Rodrigo de Puebla, akikaa mahali pa bibi harusi! Nyuma ya yote palikuwa na sarafu za krauni 200,000, mali ambayo kwa desturi yao hutolewa na upande wa binti, na palikuwa na Ufaransa, jirani ambaye falme zote mbili zilimhofia.

Kwetu barua ya posa huandikwa na wazee, na hakuna asiyejua. Wanaomba kwa niaba ya kijana wao, lakini hawamwekei maneno ya mahaba kinywani. Kuwachagulia watoto wenza lilikuwa jambo la kawaida kwa wafalme wa zama zile, silishangai. Linaloniuma ni kuwafanya watoto waandikiane kwa Kilatini cha darasani kwamba wanapendana, nao hawajuani hata sura.

Ukiniuliza, ujumbe wenye upendo ni ule wa 1498, uliotoka kwa mama mkwe mtarajiwa, Malkia Elizabeth, na bibi yake Arthur, Margaret Beaufort. Kupitia balozi walishauri Catherine ajifunze Kifaransa, maana wao Kilatini na Kihispania hawakijui, tena azoee kunywa divai kwa kuwa maji ya Uingereza hayanyweki. Hao walikuwa wanamfikiria binti mwenyewe, atakula nini, ataongea na nani.

Novemba 1501 wachumba walionana Dogmersfield, na maaskofu wakalazimika kuwatafsiria. Harusi ikafanyika tarehe 14 mwezi huohuo. Tarehe 2 Aprili 1502 Arthur akafariki Ludlow, na Catherine akabaki ugenini miaka saba huku wakubwa wakivutana juu ya mali yake, hadi alipoolewa na shemeji yake, Henry VIII.

Mwaka 1529, Henry alipotaka kuachana naye kwa hoja kwamba alikuwa amelala na kaka yake Arthur, watu wazima waliitwa kutoa ushahidi juu ya maneno ambayo Arthur, kijana wa miaka 15, aliyatamka asubuhi baada ya harusi. Hata hayo hawakumwachia yawe yake.