Kompyuta ileile, kwa nini Mmarekani aonekane mchapakazi zaidi?

Juzi pale Ngamiani kwa fundi kompyuta jamaa mmoja kakomaa kweli, eti takwimu za miaka ya 90 zinaonyesha mfanyakazi wa kiwanda cha kompyuta Marekani anazalisha kuliko wa Ujerumani kwa mbali sana, kwa hiyo Mjerumani mvivu. Nikamwambia ngoja kwanza, bei wamehesabuje?

Maana ngoma yote iko hapo. Laki sita yako zamani ulipata laptopu ya ramu (memori ya kufanyia kazi) GB 4 na hard disk inayokoroma kama bajaji bovu, leo laki sita hiyohiyo unapata ramu GB 8 na SSD, ile diski ya kasi isiyokoroma. Sasa bei imeshuka au iko palepale? Marekani tangu 1985, wakishirikiana na IBM, wanasema imeshuka, wanapigia hesabu kasi na memori. Ujerumani walikaa na njia ya zamani, inayoonyesha bei ikishuka kidogo tu, hadi 2002 ndo wakaanza hiyo kwenye PC. Chukua mauzo yaleyale, ukigawa kwa bei iliyoporomoka unapata uzalishaji mkubwa, ukigawa kwa bei iliyoshuka kidogo unapata mdogo, na wafanyakazi hawajaongezeka hata mmoja! Mchumi Andrew Wyckoff alishalionyesha hili 1995.

Ila Wamarekani hawajadanganya bwana. Mashine kweli zimekuwa bora, ukiziacha bila kuhesabu ubora unawapunja waliozitengeneza. Kinachonitatiza mimi ni kwamba ramu mara mbili sio kazi mara mbili, steshenari ya hapa mtaani inachapa barua ya maombi ya kazi ileile na Word inafunguka kwa kujivuta vilevile coz programu nazo zimenenepa.

Wengine wanasema basi tumia hesabu ya bei ya Marekani kwa nchi zote. Naiafiki kiasi, pengo la uongo linapungua. Lakini nchi moja inatengeneza mitambo mikubwa ya mabenki, nyingine inaunganisha PC tu, utazipimaje kwa kipimo kimoja? Na huyo wa kuunganisha chipu kanunua nje. Ukihesabu ubora kwenye kompyuta inayotoka kiwandani halafu usihesabu kwenye chipu iliyoingia, sifa zote anabeba muunganishaji. Ni kama huyu fundi wetu, kachomeka ramu ya watu dakika tano, laptopu ikapaa, mteja anamwambia fundi wewe ni hatari!