Eti bahari nayo inatoa methani, kwa hiyo bomba letu lisisemwe?

Huku Mtwara ukigusa mada ya gesi lazima ujipange, watu bado wana hasira zao tangu zile vurugu za 2013 za bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Sasa siku hizi vijiweni kuna hoja inazunguka kwamba hata bahari yenyewe inatoa methani, ile gesi inayoshika joto hewani na ndo sehemu kubwa ya gesi asilia yetu, bila mtu kuichokoza, iweje gesi ya Msimbati hapa Mtwara ndo iambiwe inaharibu hali ya hewa na bahari iachwe? Na wapo wanaowajibu kwamba bahari haina kosa lolote, tena ndo inayotupoza. Mi naona wote wameshika kipande cha ukweli halafu wakakimbia nacho mbali sana.

Huyu wa kwanza kwenye msingi yuko sahihi, tusimbishie. Maji ya juu ya bahari sehemu nyingi duniani yana methani kuzidi ile ambayo yangekuwa nayo kama yangekuwa yanapeana tu na hewa, na hili jambo liliwasumbua wanasayansi miaka mingi, maana vile vijidudu vinavyojulikana kutengeneza methani, vya kwenye matope ya mikoko na matumbo ya ng'ombe, havitaki oksijeni hata kidogo wakati maji ya juu yamejaa oksijeni. Inatoka wapi sasa? Mwaka 2008 David Karl na wenzake wa Hawaii wakaonyesha njia mojawapo: vijidudu vikikosa fosfeti, chakula chao cha kawaida cha fosforasi, vinavunja kemikali inayoitwa methilifosfoneti ili vipate fosforasi, na kinachobaki ni methani. Njaa tu hiyo. Anayeiweza kazi hiyo mmoja ni kijidudu cha baharini kiitwacho Trichodesmium, na huyo si mgeni pwani yetu, kaskazi ikitulia ule utandu wa kahawia unaoelea juu ya maji mara nyingi ni yeye. (Kwa hiyo na wale wanaodhani kila methani baharini ni dalili ya kisima kipya wapoe kidogo.)

Lakini hoja inakwama kwenye hesabu. Bahari zote za dunia zinatoa methani kama tani milioni 6 mpaka 12 kwa mwaka, jumla ya dunia nzima inakaribia tani milioni 600, na mafuta, gesi na makaa ya mawe peke yake yanavuka milioni 100. Halafu kuna kitu watu wanakisahau, baharini kuna bakteria wanaoila methani, ikianzia chini kabisa kwenye kina cha mita elfu na zaidi inayeyuka njiani na wao wanaimaliza kabla haijaona jua, ndo maana kinachofika hewani kwa wingi ni cha maji mafupi ya pwani ambako kutoka kwenye matope mpaka juu ni karibu. Sasa valvu ikivuja nchi kavu hakuna bakteria wa baharini anayekuja kuikamata, inapanda moja kwa moja, na methani kwa miaka 20 ya mwanzo inashika joto kama mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Hapo bahari haiwezi kuwa wakili wa bomba. Sisemi tusichimbe, gesi iliyofika jikoni na kumwondoa mama kwenye moshi wa mkaa ina faida yake, nasema tu iteteeni kwa faida hiyo.

Haya, huyu wa pili. Anachokitegemea, hata kama hajui jina, ni dimethili salfaidi, gesi ambayo ni sehemu ya ile harufu ya bahari unayoipata ukishuka Mikindani. Wakulima wa korosho huku salfa wanaijua kwa kupulizia ubwiri unga, sasa bahari nayo inarusha salfa yake, kama tani milioni 28 kwa mwaka kwa njia ya gesi hii. Mwaka 1987 wanasayansi Charlson, Lovelock, Andreae na Warren wakatoa wazo tamu kweli: bahari ikipata joto fitoplanktoni, vile vijimea vidogo sana vinavyoelea majini, wanaongeza gesi hiyo, hewani inageuka chembe za kushikia matone ya mawingu, mawingu yanang'aa zaidi, jua linarudishwa, bahari inapoa. Yaani dunia inajirekebisha yenyewe. Mwaka 2011 wanasayansi wengine, Quinn na Bates, wakalipinga kwa nguvu, chembe za mawingu baharini zinatoka pia kwenye chumvi na mabaki mengine, na kila hatua ya ule mnyororo ni dhaifu. Tena bakteria wengi wanaila malighafi ya gesi hiyo kwa njia nyingine ambayo haitoi gesi kabisa. Kwamba salfa inagusa mawingu hilo halina ubishi, meli zilipolazimishwa kupunguza salfa kwenye mafuta kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 Januari 2020, ile mistari ya mawingu nyuma yake ilipungua. Lakini kugusa mawingu ni kitu kimoja na kuwa kiyoyozi cha kutegemewa ni kingine, mi hapo nipo na Quinn na Bates.

Na wote wawili hakuna anayeitaja naitrasi oksaidi, gesi nyingine inayoshika joto kama mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule kwa miaka 100, nayo inatengenezwa na vijidudu vinavyokula amonia na vinaitoa zaidi oksijeni ikipungua. Ghuba iliyojifunga ikipokea maji ya vyoo na mbolea ndo inavipa vyote viwili kwa mpigo, chakula na upungufu wa oksijeni, na hapo huwezi kusema ni bahari yenyewe wala huwezi kusema ni kampuni ya gesi.