Ni mto, si mtaro

Jumamosi iliyopita asubuhi nilisimama nyuma ya nyumba nikaliangalia tipa likirudi kinyumenyume hadi ukingoni, likainua bodi na kumwaga kifusi mtoni. Tofali zilizovunjika, mapande ya zege, sinki la choo. Lilipoleta tripu ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamfuata dereva. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama." Nilipomuuliza kama anajua anaziba nini, akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, si mtaro tu huu? Mwenye kiwanja anataka kusawazisha."

Neno hilo sijalimeza mpaka leo.

Mtaro huchimbwa na mtu, na aliyeuchimba anaweza kuuhamisha au kuufukia akitaka. Huu haukuchimbwa na mtu. Tulipokuwa watoto hapa Lindi tuliuita mto, na bibi akitutuma alisema "nendeni mtoni". Kiangazi ulikauka ukabaki mchanga mtupu, tukafukua kwa kifuu cha nazi mpaka maji yakachimbuka, tukaoshea vyombo. Masika uliteremka kutoka vilima vya Mtanda ukiwa mwekundu, unanguruma, na hakuna aliyesema amevamiwa na mafuriko, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelala njiani kwake. Chini kabisa, unapokutana na bahari, palikuwa na michu mingi, aina ya mikoko, na kina mama walitanda uduvi kwa kanga kuukuu maji yakianza kujaa.

Nilishuka mpaka pale baada ya kuachana na dereva. Umebaki mchu mmoja. Ile mizizi yake inayochomoza topeni kama vijiti, ambayo mti unapumulia, imefunikwa na mifuko ya saruji na pampasi. Kaa mmoja alikuwa anahangaika kutoka kwenye kopo la rangi. Nilimpindulia kopo, akaenda zake.

Nadhani jina lilibadilika viwanja vilipoanza kupimwa hadi ukingoni. Mtu hawezi kuuza kiwanja kilichomo mtoni, lakini kilicho kando ya mtaro anauza bila wasiwasi. Baadaye barabara ikapita juu, likawekwa kalavati moja jembamba, na kuanzia hapo hata sisi wenyeji tukaanza kusema mtaro. Wazee hawakuona haya kutaja maji na tope. Tuna kata nzima inaitwa Matopeni, na jina linajieleza.

Na huu wetu ni mdogo. Mto Lukuledi je? Oktoba 1914, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, manowari ya Waingereza iliikuta meli ya Kijerumani, Präsident, imejificha ndani ya Lukuledi, juu kabisa ya ghuba yetu, na nyaraka zilizokutwa humo ndizo zilizowaonyesha kwamba manowari ya Wajerumani, Königsberg, imejificha Rufiji. Meli nzima ya baharini iliingia mtoni ikasitirika! Baada ya vita ya pili, Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga wa Nachingwea, mizigo ilipita maji hayohayo kwa matishali hadi Mkwaya, na reli ikaanzia Mkwaya kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijawa tayari. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo ukimwambia kijana wa Mingoyo kwamba mto huu ulibeba mizigo ya mradi mzima, anakuangalia kama unamsimulia ngano. Kwake Lukuledi ni kitu cha kuvuka akielekea Mtwara.

Mikoko iliyokatwa kupisha mashamba ya chumvi ni kilio kingine, siku nyingine nitakiandika.

Najua nitakachojibiwa: watu wajenge wapi? Sawa. Mwenye kiwanja hiki si tajiri. Kakinunua kwa fedha ya korosho za misimu miwili, kapewa karatasi yenye mhuri, na hakuna aliyemwambia kitu. Simlaumu kama ninavyomlaumu aliyegonga mhuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kuuharibu. Nimepima kwa hatua zangu kutoka ukingoni hadi ukuta wa nyumba ya karibu. Hatua nne. Ukiuita mtaro, mita 60 hizo zinayeyuka, kwa sababu mtaro hauna ulinzi huo. Ndiyo maana nang'ang'ania neno.

Jambo linalonitisha ni bamvua, siku zile bahari inapojaa kupita kawaida. Mvua kubwa ikishuka Mtanda wakati bahari imejaa, maji ya juu hayana pa kutokea, yanasimama na kusubiri maji kupwa. Zamani yalisubiri kwenye mchanga na michu. Sasa yatasubiri vyumbani mwetu, na vitoto vimelala. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, tuliona maji yalivyoikata barabara ya Dar kule Somanga, lami na madaraja vikaondoka. Sisi tunakabiliana na maji ya namna hiyo kwa kalavati lisilopitisha hata pipa.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtaa kulalamika. Kijana aliyenipokea alinisikiliza vizuri, sina neno naye, akafungua daftari na kuandika: "Amelalamikia kifusi kwenye mtaro." Akanigeuzia nisaini. Nikamwomba afute neno la mwisho. Akaniangalia, akachukua rula, akalipiga mstari na kuandika "mto" juu yake. Nikasaini.