Maonyesho Yakishafungwa, Nani Anafuatilia Oda?

Mwaka juzi tuliondoka Moshi na basi la alfajiri, wanawake watatu na maboksi manne ya kahawa. Kahawa yetu wenyewe, ya Kibosho. Tunaikaanga kidogo kidogo, tunaisaga, tunaifunga pakiti za robo kilo. Tulichangishana miezi minne kupata pesa ya banda, nauli na malazi ya wiki mbili katika mji ambao hatuna ndugu. Ni maonyesho gani, sitasema, kwa sababu shida ninayotaka kuieleza si ya uwanja mmoja.

Siku ya tano akaja mnunuzi kutoka nje. Alifungua pakiti ya punje zisizosagwa, akamimina kiganjani, akawa anazigeuza kwa kidole gumba kutafuta zilizoungua. Hakupata. Akauliza, "Kwa mwezi mnatoa tani ngapi?" Mwenyekiti wetu akanigeukia. Tulikuwa tunatoa kilo 60. Nikamwambia ukweli. Hakuondoka. Alisema tukiungana na vikundi vingine, tukampa kilo 500 kila mwezi, ukaangaji uleule, yeye yuko tayari. Akaacha kadi.

Siku ya kufunga tukaletewa fomu. Wageni wangapi wamefika bandani? Mmeuza shilingi ngapi? Nilijaza, nikageuza karatasi upande wa pili nikitafuta mahali pa kuandika kwamba kuna mtu anataka kilo 500, na tunahitaji mkono wa kutuvusha tumfikie. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Tulirudi nyumbani, tukahangaika na vikundi viwili vya Uru, huyu anakaanga nyeusi sana, yule hana mashine. Baada ya miezi mitatu yule bwana akaacha kujibu ujumbe.

Safari ile hunirudia kila bajeti ya Wizara ya Viwanda na Biashara inaposomwa Dodoma. Chini ya wizara hiyo ndiko iliko Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 kuchukua kazi za bodi mbili za zamani: ile ya biashara ya ndani ya mwaka 1973 na ile ya biashara ya nje ya mwaka 1978. Wengi tunaijua kwa maonyesho ya biashara ya Sabasaba ya Dar es Salaam tu. Ukimuuliza mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni hapa Moshi au la Kilombero kule Arusha TanTrade ni nini, atakuambia ni wale wa viwanja vya Kilwa Road. Lakini kukuza biashara ni kazi ya mwaka mzima, na sehemu yake ngumu kabisa huanza mabanda yanapovunjwa.

Hoja yangu ni hii. Chombo cha kukuza biashara kilipwe na serikali, kilipwe vya kutosha, halafu kibanwe kwa matokeo. Kisiachwe kiishi kwa kodi ya mabanda na viingilio. Najua upepo unavumia upande mwingine. Msajili wa Hazina, anayesimamia mali za serikali kwenye mashirika yake, amekuwa akihimiza mashirika ya umma yajitegemee na yatoe gawio, na kwa benki au bandari naunga mkono kwa moyo wote. Pale kuna huduma inauzwa na faida inahesabika. Sasa chombo ambacho kazi yake ni kumsaidia mama wa Kibosho apate mnunuzi, faida yake iko wapi? Iko mfukoni mwa yule mama, iko kwa mkulima anayemuuzia kahawa, na baadaye iko kwenye kodi anayolipa Mamlaka ya Mapato, TRA. Haionekani kwenye akaunti ya chombo chenyewe. Ukikiambia kijitafutie, kitafanya ambacho yeyote mwenye mishahara ya kulipa angefanya: kitauza banda kubwa kwa kampuni ya simu na benki, kwa sababu hao wanalipa kwa wakati, na sisi wa maboksi manne tutakuwa wa kujaza nafasi.

Mwaka 2006 watafiti wa Benki ya Dunia walichunguza taasisi za aina hii katika nchi nyingi, wakakuta zinazofanya vizuri zaidi ni zile zinazopata sehemu kubwa ya fedha zake serikalini, huku wafanyabiashara wenyewe wakiwa na nguvu kwenye bodi. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka habari za wazee wetu. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kwa sababu walitaka kujua mzigo wao umeuzwa wapi na kwa bei gani. Mtu aliyepeleka gunia aliweza kusimama kwenye mkutano wa chama cha msingi akauliza. Mwaka 1976 serikali ilipovifuta vyama vya ushirika, aliyebaki na gunia hakuwa tena na mkutano wa kusimama.

Kwa hiyo siombi fedha za bure. Fedha za umma zije na macho ya umma, na hapo ndipo nina ugomvi na namna tunavyosimamia.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anakagua, ripoti inakwenda kwa Rais kisha bungeni, kamati inaita watendaji, na sisi tunasubiri kusikia kama taasisi imepata hati safi. Hati safi ni jambo jema, sibishi. Inasema vitabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kama kuna kikundi hata kimoja kimeuza kontena la kwanza. Tazama na kalenda yenyewe: Sabasaba kwa miaka ya karibuni huanza tarehe 28 Juni na kufungwa tarehe 13 Julai, na mwaka wa fedha wa serikali unakatika tarehe 30 Juni katikati yake. Maonyesho mamoja yanaangukia bajeti mbili. Mkaguzi atazipanga shilingi za kila upande, lakini oda iliyozungumzwa mwezi Julai na kufa mwezi Oktoba, nani ataiona?

Sheria ya ukaguzi wa umma tayari inampa CAG nafasi ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, ule unaouliza kama fedha zimeleta kilichokusudiwa. Naomba ufanywe kwa taasisi zote za kukuza biashara, na usiishie ofisini Dar es Salaam. Waje huku. Wachukue orodha ya waliolipia mabanda miaka mitatu nyuma, wapige simu moja moja: Ulipata mnunuzi? Ulimfikishia mzigo? Kama hukumfikishia, ulikwama wapi? Majibu ya swali hilo la mwisho yana thamani kuliko idadi ya waliokata tiketi getini, kwa sababu yataonyesha fedha zinatakiwa kwenda wapi. Nadhani yataonyesha kwamba tunakwama kwenye kuunganisha mizigo midogo iwe mmoja. Kwa miaka mingi maua na parachichi za mikoa yetu zimevuka mpaka wa Kenya pale Namanga na Holili kwenda kupakiwa Nairobi na Mombasa, na sehemu ya sababu ni kwamba kule kuna mtu wa kukusanya, kupanga daraja na kujaza ndege au kontena. Ofisa mmoja mwenye gari Moshi na mwingine Arusha, wanaojua vikundi kwa majina, wangetufaa kuliko banda lenye kapeti.

Na kwenye bodi wakae watu wanaouza vitu. Nikisema hivi kikundini, mwenyekiti wetu hunijibu, "Mwanangu, nani atatusikiliza sisi?" Huwa namwambia wabunge wetu wanapita hapa, na mwaka huu kabla ya bajeti tunamwandikia wa kwetu barua, tukiambatisha nakala ya ile fomu na ile kadi.

Kadi iko kwenye daftari la kikundi, pamoja na namba nyingine 31 tulizorudi nazo. Hakuna aliyetuuliza habari za hata moja.